Saa Kumi na Saba hadi Winnipeg

Habari ya viza ya Mama Angélique ilifika siku ya Jumatatu, na Jumatatu saluni nyingi za La Rochelle, mtaa wa kusini mwa Johannesburg, huwa hazina watu. Hélène alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, akichambua rasta za kusukia, simu ilipolia. Alikuwa mdogo wake, Cédric, akipiga kutoka Winnipeg, Kanada, na alikuwa anasema haraka kiasi kwamba ilibidi amwombe arudie. Kanisa lililomdhamini mama yao lilikuwa limejibiwa. Mama ameruhusiwa. Tiketi itakatwa ya mwezi wa kumi.

Hélène alifunga saluni, akatembea mitaa miwili mpaka nyumbani. Yeye na mama yake walipanga chumba kimoja uani kwa Mreno mmoja mzee, kwenye safu ya vyumba sita vyenye bomba moja. Hélène alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hakuwa na mume wala mtoto. Maisha yake yote ya Johannesburg alikuwa ameyaishi na mama yake. Alimkuta amekaa mlangoni akichagua maharagwe, akamwambia.

Mama Angélique aliweka sinia chini. Hakupiga vigelegele. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amemwona Cédric, na wajukuu wawili aliwajua kwa sauti tu, lakini jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa: "Ni mbali namna gani?"

"Mbali, mama. Ni ng'ambo ya bahari."

"Mbali si jibu. Angalia kwenye simu."

Hélène aliangalia. Ukurasa uliofunguka ulimwomba majina ya viwanja viwili vya ndege, naye akayaandika. Mstari mwembamba ukajichora kutoka chini ya Afrika, ukapinda juu ya bahari, ukaishia katikati ya Kanada. Chini yake kulikuwa na namba, akamsomea mama yake: kilomita elfu kumi na nne, mia saba na sita. Muda wa ndege, saa kumi na saba na dakika arobaini na nane.

"Saa kumi na saba," mama alisema. "Sisi kutoka Uvira mpaka hapa tulitumia siku ngapi?"

"Siku ishirini na tatu."

"Siku ishirini na tatu, na ile boti ya Kigoma ikaharibika. Na huko kwa Wazungu ni saa kumi na saba." Alihesabu kitu kwa vidole juu ya goti lake bovu. "Basi nikifa Jumatatu asubuhi, Jumanne uko pale."

Hélène alijua swali hilo linatoka wapi. Mwaka wao wa tatu Johannesburg, bibi yake, mama wa Mama Angélique, alifariki kwao Uvira, Kongo. Habari ilifika siku nne baada ya mazishi. Mama Angélique aliuliza jambo moja tu kwenye simu: nani alimwosha? Wakamtajia majirani watatu. Wawili aliwajua. Wa tatu hakuna aliyeweza kusema jina lake kamili, na tangu siku hiyo, kila mara mazungumzo yalipogusa msiba, Mama Angélique alirudi kwa mwanamke huyo asiye na jina aliyemshika mama yake mara ya mwisho.

"Jumanne niko pale," Hélène alisema.

"Utaniosha wewe."

"Nitakuosha mimi, mama."

Mama Angélique akachukua sinia lake, akaendelea kuchagua maharagwe, na baada ya muda akaanza kucheka peke yake, akitaja majina ya wajukuu.

Kilichokuwa hakijasemwa ni hiki. Wote wawili waliingia Afrika Kusini siku moja, wakaomba hifadhi siku moja, wakaeleza habari ileile kwenye meza mbili tofauti. Mama alikubaliwa kuwa mkimbizi. Hélène alikataliwa, akakata rufaa, na rufaa ilikuwa bado. Karatasi yake iliongezwa muda kila baada ya miezi sita, ikamruhusu kufanya kazi na kulala bila hofu. Haikumruhusu kuvuka mpaka hata wa Lesotho. Mama alijua kwamba karatasi inaongezwa muda. Alichokatazwa binti yake na karatasi hiyo hakuwahi kukiuliza, na Hélène hakuwahi kukieleza.

Wiki zilizofuata, Mama Angélique aliitangaza ile namba kila mahali. Aliisema kanisani, aliisema kwenye kiduka cha spaza aliponunua mkate. Kwa jinsi alivyoisema, Winnipeg ilikuwa mtaa wa pili baada ya Rosettenville iliyo jirani.

Aliisema pia kwa Papa Lambert, aliyekuwa anakaa chumba cha mwisho uani. Papa Lambert alikuwa mwalimu wa jiografia Uvira kwa miaka kumi na tisa; hapa alikuwa mlinzi wa jengo moja la fleti kule mtaa wa Observatory. Jioni moja alimsubiri Hélène bombani.

"Mama ameniambia saa kumi na saba," alisema.

"Ndivyo simu inavyosema."

"Simu inasema kweli, lakini inasema kweli ya uzi. Unachukua uzi, unauvuta juu ya dunia kutoka hapa mpaka pale, unapima. Halafu unauliza ndege ingetumia muda gani kama ingekuwepo ya kufuata huo uzi. Haipo. Tiketi imekuja?"

Hélène akamwonyesha kwenye simu. Papa Lambert alivaa miwani. Kuondoka Johannesburg saa nane na nusu mchana. Kubadilisha ndege Addis Ababa. Kubadilisha tena Toronto. Alitoa kalamu, akaandika kiganjani saa za kila mji, akaondoa tofauti zake, kama alivyowafundisha watoto zamani.

"Saa ishirini na saba na nusu, kama hakuna kitakachochelewa."

"Nitamwambia mama abebe chakula."

"Si hilo, Hélène." Alivua miwani. "Mama ameniambia pia kwamba akifa utafika kesho yake umwoshe. Alinieleza vizuri, kama mtu aliyelipia kiti. Na mimi karatasi yako ninaijua, kwa sababu ni sawa na yangu."

Hélène alikuwa anajaza ndoo. Maji yalifika juu, yakamwagika, naye hakufunga bomba mpaka Papa Lambert alipoinama akalifunga.

"Ningemwambia nini?" aliuliza.

"Sijui. Mimi nimekwambia tu kwamba amekubali kwenda kwa sababu ya ahadi hiyo. Hajakubali kwa sababu ya Cédric."

Jumapili, baada ya kanisa, Hélène alipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, akasubiri mama yake ale kidogo kwanza.

"Mama, ile saa kumi na saba si kweli."

"Simu ilikosea?"

"Haikukosea. Lakini hakuna ndege inayopita njia ile. Wewe utatumia saa ishirini na saba na nusu."

"Saa kumi zaidi si kitu. Si nitakuwa nimekaa?"

"Hizo ni saa zako." Hélène alisogeza sahani yake pembeni. "Mimi sina saa, mama. Karatasi yangu haiwezi kutoka nchi hii, na Kanada hawawezi kuipokea. Ukifa kule sitakuja. Si Jumanne, si baada ya wiki. Sitakuja."

Mama Angélique alinawa mikono, ingawa bugali ilikuwa haijafika nusu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Siku ile uliniangalia machoni ukaniambia, niko pale."

"Ndiyo, mama."

Mama alibeba kiti chake nje, akakaa akiangalia ukuta wa jirani mpaka jua likautoka. Jioni alimpigia Cédric mwenyewe, akamwambia kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, polepole, kwamba haendi.

Cédric alimpigia dada yake mara moja. Alikuwa amekusanya makaratasi hayo miaka minne, alikuwa amewabembeleza wazee wa kanisa asiowajua, alikuwa ameshanunua kitanda.

"Ungemwacha na namba yake, dada. Ingemdhuru nini?"

"Ingemdhuru siku ya mwisho."

"Siku ya mwisho hatajua nani yupo na nani hayupo."

"Mimi ningejua," Hélène alisema, na Cédric akakata simu.

Siku tatu mama alipika, akafua, akasali, na hakusema na binti yake zaidi ya neno la chumvi au la ufunguo. Hélène alisuka watu kwa mikono iliyokuwa inajua kazi bila yeye, na kichwani alikuwa na swali moja lililomwaibisha. Aliposikia mama yake akimwambia Cédric siendi, kitu ndani yake kilikuwa kimepumzika. Chumba kisingekuwa kitupu. Kungekuwa na mtu wa kuuliza, umechelewa wapi. Je, alisema kweli kwa ajili ya mama, au aliisema ili mama abaki? Alimwuliza Papa Lambert, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwuliza.

"Labda yote mawili," mzee alisema. "Lakini kweli ni kweli, hata kama aliyeisema alikuwa na haja yake. Sasa ni yake mama. Mwache nayo."

Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, Mama Angélique aliingia saluni. Hakuwa na kawaida ya kuja, kwa sababu ya goti. Alikaa kwenye kiti mbele ya kioo, akafungua kitambaa cha kichwa.

"Nisuke," alisema.

Nywele zake zilikuwa nyeupe na nyepesi. Hélène alianza kuzigawa kwa kitana, mstari mmoja, mstari wa pili, na mama akasema akimwangalia kwenye kioo.

"Nimefikiri. Nikibaki, nitabaki kwa kazi gani? Nitakaa pale mlangoni nikingoja kufa ili wewe unioshe. Mtu hawezi kuishi kwa kazi hiyo. Na wale watoto wa Cédric watakua bila kunijua, kwa sababu ya maji ya siku moja."

Hélène aligawa mstari wa tatu.

"Nitakwenda. Lakini siku ya kwenda, asubuhi, utaniosha wewe. Yote, kama itakavyokuwa. Halafu hao watakaoifanya kazi hiyo kule, wakiwa watu wa kanisa, wakiwa nani, watakuwa wanaosha mwili tu. Mimi nitakuwa nimeshaoshwa na mtoto wangu."

"Mama, jambo hilo linatisha."

"Linamtisha nani? Mimi nimeosha watu wanane. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia kama maji ni ya moto." Aligusa sikio lake. "Huku umevuta sana."

Hélène alilegeza. Alimaliza kumsuka, mistari kumi na miwili ya kurudi nyuma, akampaka mafuta, na mama alipoondoka alibaki ameshika kitana mpaka mteja aliyefuata alipokohoa mlangoni.

Siku ya safari ilikuwa Jumatano. Mizigo miwili ilikuwa imefungwa tangu juzi yake. Papa Lambert, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini, alikwenda kukaa barabarani upande wa robot, zile taa za magari, ili asiwe karibu. Hélène alichemsha maji mara tatu kwa birika, akayachanganya kwenye beseni kubwa la kufulia, akatandika mkeka chini na kitenge kipya juu ya mkeka. Alifunga mlango na pazia.

Mama alilala chali. Hélène alikuwa amewahi kuuona mwili wa mama yake vipande vipande, mgongo akimsugua, mguu akiukanda. Hakuwahi kuuona wote mahali pamoja. Ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani.

"Anza kichwani," mama alisema. "Usilowanishe nywele, umezisuka majuzi tu. Pitisha kitambaa. Sasa uso. Masikio, nyuma ya masikio, watu husahau nyuma ya masikio. Upande wa kulia kwanza."

Hélène alifuata. Mwanzoni alikamua kitambaa kupita kiasi. Alipofika begani alikuta kovu refu ambalo alilijua tangu utoto bila kujua lilitoka wapi.

"Hili ni la nini, mama?"

"Mti wa kahawa. Nilikuwa na miaka tisa, nikaanguka. Baba yangu alinibeba mpaka kwa masista, nusu siku, na njia nzima alikuwa ananitukana kwa sababu alikuwa anaogopa." Alitabasamu akiangalia mabati ya paa. "Unaona? Wale wanane sikuweza kuwauliza."

Basi Hélène akauliza. Aliuliza juu ya alama iliyokuwa kwenye kifundo cha mkono, juu ya kidole kilichopinda, juu ya mshono wa tumboni ambako ndiko alikotokea Cédric. Mama alijibu yote, mengine kwa kirefu, mengine kwa neno. Jambo moja alikataa kulijibu, akasema hilo atakwenda nalo. Maji yalipopoa, Hélène aliyabadilisha. Kuna wakati alilia, na mama alimwacha, hakumwambia nyamaza wala hakumwambia lia.

Alipofika miguuni, mama aliinuka akakaa.

"Hiyo niachie. Miguu nitaosha mwenyewe, bado ninatembea nayo."

Alivuta beseni, akaosha miguu yake bila haraka, akaifuta, akavaa. Kisha akamwomba Hélène alete chai, na kila mmoja akanywa kikombe chake, na walipotoka nje Papa Lambert aliwaangalia mara moja tu, akaenda kuchukua mizigo.

Uwanjani pale O.R. Tambo, Mama Angélique aligombana kidogo na mtu wa mizani juu ya mfuko wa ndagala, dagaa wakavu wa kwao, akashindwa, akampa Papa Lambert ule mfuko. Mlango wa ukaguzi ulikuwa na kamba za kuzungushia watu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila alipofika kwenye kona alisimama akawatafuta kwa macho, akainua mkono. Aliwainulia mkono mara saba. Watu nyuma yake walisubiri.

Kesho yake Hélène alikwenda kazini. Alikuwa amejiahidi kutohesabu saa, na alikuwa anazihesabu. Saa kumi kasoro dakika ishirini, akiwa katikati ya kichwa cha mteja, namba asiyoijua ilimpigia. Mwanamke alijitambulisha kwa Kiswahili cha Bujumbura: anaitwa Spès, yuko uwanjani Toronto, na mama yuko hapa pembeni yake. Foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu, ndege ya Winnipeg imeondoka. Wamempa nyingine ya saa nane mchana, saa za Toronto.

"Amekula?" Hélène aliuliza.

"Nimemnunulia supu, anasema haina chumvi. Ngoja, anataka simu."

"Hélène," mama alisema, sauti ikiwa wazi kama ya mtu aliye bombani. "Papa Lambert alisema kama hakuna kitakachochelewa. Basi kimechelewa. Usikae na simu mkononi, maliza kazi yako. Huyu mama ana watoto wawili hapa Toronto, mmoja ni muuguzi. Tunaongea."

Hélène alimaliza kichwa cha mteja. Jioni alikula na Papa Lambert, akalala mapema kuliko alivyodhani angeweza. Asubuhi alikuta ujumbe wa sauti wa dakika nane. Mama alikuwa amefika. Cédric amenenepa vibaya. Watoto walikuwa wamemwogopa kwa muda wa robo saa, halafu mdogo akalala mapajani mwake. Kulikuwa na kelele nyingi nyuma, sahani, televisheni, sauti ya Cédric akiuliza kitu, na mama akawa anajibu huku na huku mpaka akasahau kwamba anarekodi.

Imepita miaka miwili sasa. Mama Angélique yuko hai, analalamika juu ya baridi na juu ya mkwe wake, na hupiga simu kila siku saa tisa mchana, asubuhi ya kule, wakati saluni mara nyingi imejaa watu. Rufaa haijajibiwa. Mara kwa mara katika simu hizo kunakuwa na kimya, si cha ugomvi, na kila mmoja anajua mwenzake anafikiri nini, na hakuna anayelisema.

Kwa miezi ya kwanza Hélène alishindwa kupika chakula cha mtu mmoja. Sufuria ilibaki na nusu kila siku. Siku hizi Jumapili huwaita Papa Lambert na wasichana wawili wa Burundi waliohamia chumba cha tatu, nao hukaa uani kwenye viti vya plastiki. Wiki iliyopita mmoja wa wasichana hao, anayeitwa Sonia, alimwuliza, kwa kuwa yeye aliwahi kusindikiza mtu, Johannesburg mpaka Bujumbura ni saa ngapi kwa ndege. Hélène alifuta mikono, akavuta kiti chake karibu, akamwuliza kwanza ana karatasi gani.